Wazee Wawili, Jina Moja

Babu yangu mzaa mama alirudi kutoka vitani Burma akakuta wamekwisha kumzika. Naanza na hilo bila kuzunguka, maana nimechoka kuwasikia watu wakilisimulia kama kichekesho. Mimi ni mwanamke fundi cherehani hapa Nachingwea, kibaraza changu kiko njia ya kwenda sokoni, na mtu akileta suruali ya kupunguzwa hukaa kwenye benchi akataka mazungumzo. Wengi wamekaa hapo wakaniuliza, "Eti yule mzee wenu alilikuta kaburi lake?" kisha wakacheka. Hao niliwaambia suruali haijawa tayari, warudi keshokutwa.

Ili jambo lieleweke inabidi nianze na vita ya kwanza, ile ya Mjerumani. Babu hakuiona vita hiyo, lakini ndiyo iliyomtia kaburini.

Vita ile ilipita huku huku kwetu. Wajerumani walirudi nyuma wakipigana, Waingereza wakawafuata, na kila upande ulihitaji mabega ya watu. Chakula cha askari hakikuwa na gari, risasi hazikuwa na punda, vyote vilibebwa kichwani. Kijijini kwa kina babu, upande wa Likunja, walichukuliwa wanaume wenye nguvu, wakaachwa wazee na vilema. Wapo waliombebea Mjerumani mwezi mzima, wakatekwa, wakambebea Mwingereza mzigo ule ule kwa njia ile ile. Mashamba yakakosa jembe, njaa ikaingia, na nyuma ya njaa ikaja homa.

Wengi hawakurudi. Kilichorudi ni nguo zao. Mpagazi akifa njiani, mwenzake aliyebahatika kuishi alimvua shuka, akaikunja vizuri, na siku alipofika kijijini akaiweka mlangoni kwa mama wa marehemu. Hakukuwa na haja ya maneno. Mama aliiona, akakaa chini, akaanza kulia, majirani wakasikia wakaja. Watu wa kule walijifunza jambo moja katika vita ile na wakalishika sana: nguo ya msafiri ikirudi bila mwenyewe, matanga yawekwe.

Mama yake babu alijifunza akiwa msichana. Kaka zake wawili walirudi kwa namna hiyo.

Ilipokuja vita ya pili, jumbe alitakiwa kutoa vijana, na mjomba wa babu ndiye aliyemtoa. Kwetu mjomba ana mamlaka juu ya watoto wa dada zake kuliko baba aliyewazaa. Babu hakumchukia kwa hilo. Alichoshindwa kukielewa mpaka anakufa ni nani alikuwa rafiki wa nani. Baba yake alimbebea Mjerumani masanduku ya risasi, na yeye sasa alifundishwa kwamba Mjerumani ni shetani. Wakapelekwa Uhabeshi kupigana na Mwitaliano. Walipokwisha kuwazika wenzao waliouawa na Mwitaliano, wakaambiwa Mwitaliano amegeuka, sasa ni wa upande wao. "Tungewauliza na wale tuliowafukia," aliniambia babu, "kama na wao wamegeuka."

Burma alinisimulia kwa vipande, na kila kipande alikirudia kwa maneno yale yale. Kulikuwa na bonde ambalo mvua haikukatika. Ruba waliingia mpaka ndani ya soksi. Walilala wamekaa, wawili wawili, migongo imeegemeana, kwa sababu ukilala chali maji yanakuingia masikioni. Asubuhi moja babu alisimama na mwenzake aliyekuwa nyuma yake akaanguka chali, maana alikuwa amekufa tangu usiku. Babu alisema alikuwa amemsimulia mwenzake huyo habari nyingi kabla ya usingizi kumchukua, na hajui alizisikia hadi wapi.

Kabla ya kufika huko walipewa makoti ya sufu, mazito, ya rangi ya majivu. Babu alilitunza lake. Mama yake alikuwa na kifua kibovu, na baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba ilikuwa inamtesa. Basi askari mmoja wa Lionja aliyevunjika mguu alipokuwa anarudishwa nyumbani, babu akampa koti. Akamwambia, "Mpe mama ajifunike. Mwambie mimi mzima, nitakuja."

Yule mtu wa Lionja alifika Lindi mguu umeoza, akalazwa. Akampa koti mchuuzi wa chumvi aliyekuwa anapanda Ruangwa, akamweleza maneno ya babu. Mchuuzi alipofika Ruangwa akampa koti mtu mwingine anayepita Likunja, akamweleza jina na kijiji basi. Mtu huyo hakumkuta mwenyewe nyumbani. Alikunja koti, akaliweka mlangoni, akashika njia yake. Mama yake babu alirudi kutoka shamba na mzigo wa mihogo kichwani, akaliona koti la serikali limekunjwa kizingitini kwake.

Mimi kama fundi nimelifikiria koti hilo kuliko watu wengine. Koti la jeshi lina mifuko minne, miwili ya nje na miwili ya ndani. Kikosi kilikuwa na karani wa kuandikia watu barua. Babu hakutia hata kikaratasi, aliona koti linatosha. Ndiyo maana sishoni nguo ya kupelekwa kwa mtu bila kuuliza inapelekwa na nani.

Walilia siku zote zinazostahili. Kwa kuwa hakukuwa na mwili, wazee walikata mgomba, wakauviringisha ndani ya koti, wakauzika. Masheikh wa leo wangekataa, lakini wakati ule hakuna aliyekataa. Na kwetu jina la mtu mzima halilali ardhini. Matanga yakiisha linarithiwa na mtoto wa dada yake, naye halirithi kwa kuitwa tu. Anakuwa ndiye yule. Waliomwita marehemu kaka wanamwita yeye kaka, na mama wa marehemu anamwita mwanangu. Alichaguliwa mpwa wake babu, mtoto aliyekuwa ametoka jandoni juzi, kidonda hakijapona vizuri. Wakamkabidhi jina la mjomba wake na mama wa mjomba wake.

Mama huyo hakutaka kula. Alikwenda hivyo mpaka mvua za kwanza, akafa. Aliyemlisha uji kwa kijiko miezi yote ile ni yule mpwa.

Babu alirudi mwaka uliofuata. Alitembea kutoka Ruangwa na sanduku lake la bati, na wanawake waliokuwa kisimani walipomwona waliacha mitungi wakakimbia. Mmoja alimmwagia majivu ili apotee kama mzimu unavyopotezwa. Alipouliza mama yuko wapi, walimpeleka kwenye makaburi mawili yaliyopangana, wakamwambia hili la mama na hili lako.

Wazee walikaa kikao siku tatu. Hawakuwa watu wabaya, hata mimi nikiwa na hasira zangu zote nakubali hilo. Walimwambia, "Wewe tumekwisha kukulilia. Jina tumelivisha mtu, na mtu huyo amemzika mama yako. Tukimvua, yeye atakuwa nani?" Babu alitazamana na yule mpwa wake, mtoto tu, akaacha kudai. Alikubaliwa kulima na kula nao, ila asiitwe jina lake. Mke aliyemwacha kijijini alikuwa amekwisha kuolewa kwingine. Alilala kijijini pale wiki moja, kisha akachukua sanduku lake.

Alikuja Nachingwea kwa sababu Waingereza walikuwa wameanza shamba lao kubwa la karanga, wakitafuta watu wa kung'oa visiki. Vita ilikuwa imewaachia njaa ya mafuta ya kupikia, wakaona watatulimia sisi mapori. Babu alipoyaona baadhi ya matrekta yao aliyatambua. Yalikuwa vifaru vilivyokatwa vichwa. Alisema alicheka siku hiyo mpaka nyapara akamtishia kumfukuza. Karanga hazikushika, reli ikang'olewa, wazungu wakaenda zao. Babu alibaki, akafungua shamba Mtua, akapanda mihogo na mikorosho. Wafanyakazi wenzake walikuwa wamemzoea kumwita Askari, na likawa ndilo jina lake. Bibi yangu, Mmakonde aliyevuka Ruvuma peke yake, alimwoa bila kuuliza lingine. Ndiyo, nimesema alimwoa. Ukimjua bibi yangu hutanisahihisha.

Miaka yake ya mwisho babu aliishi kwangu. Bibi alikuwa amekufa, mama pia, na mikorosho ilikuwa inamshinda. Kila asubuhi nilimtolea kiti karibu na cherehani, akawa ananikatia nyuzi kwa mkasi mdogo. Macho yalikuwa bado mazima. Siku moja, nashona sare za shule na redio ya jirani inapiga kelele, aliweka mkasi chini.

"Mjukuu wangu, mimi nikifa mnizike Likunja, karibu na mama."

"Kule kule walikokufukuza?"

"Hawakunifukuza. Sikiliza. Kwenye talakini waniite jina langu. Waseme mwana wa mama yangu, wamtaje."

Asiyejua, talakini ni yale maneno sheikh anayomwambia maiti akishafukiwa, kumfundisha namna ya kuwajibu malaika. Humwita kwa jina lake na jina la mama yake, mara tatu. Nikamwambia babu Mungu anamjua, hata wakimwita Askari atafika.

"Siogopi Mungu kunipoteza," akasema. "Namwogopea mama. Alikwenda akidhani nimemtangulia. Alipofika hakunikuta. Miaka yote hii ananitafuta huko, halafu mimi nije niitwe kwa jina asilolijua? Atajuaje kuwa ni mimi?"

Aliyasema hayo bila machozi. Mimi ndiye niliyelia, nikaharibu mshono wa kola. Nikamwahidi kwamba nitawaambia, na wasiposikia nitawasikilizisha. Ulimi wangu ndio ulivyo, huwa unafika kabla yangu.

Alikufa mchana, wakati wa kuvuna ufuta, akiwa kitini. Mkasi ulikuwa mkononi. Kaka yangu, ambaye ni dereva, alipata gari la kuazima, na sheikh mmoja kijana wa mtaani kwetu, ambaye kanzu zake nazishona mimi, akakubali kufuatana nasi. Nilipiga simu Likunja kuomba nafasi ya kaburi. Walikubali kwa upole. Mwenye kukubali alikuwa yule yule mpwa, ambaye sasa alikuwa mzee wa miaka themanini na zaidi, na ndiye mkubwa wa ukoo. Alikuwa amelibeba jina la babu maisha yake yote. Nilikuwa nimemwona mara mbili tu, misibani, na kila mara yeye na babu walikaa ncha mbili za mkeka, wakasalimiana kwa kichwa.

Tulifika mapema. Sisi kwa ukoo wa babu si kitu, maana ni watu wa ukoo wa bibi, na mazishi yana wenyewe. Mwanamke wa nje haendi kuwasemesha wazee waliokaa na maiti. Nilikwenda. Nilimkuta yule mzee ameketi kigodani nje ya nyumba, anasikia kwa shida, ikabidi nipaze sauti, kwa hiyo msiba mzima ulisikia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Poleni. Na sisi tumefiwa."

Nikampa wosia wa babu kama nilivyopewa. Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa anasugua goti lake kwa kiganja.

"Mjukuu," akasema, "huyo unayesema aitwe, mwana wa mama yule, ni mimi. Niliambiwa hivyo nikiwa mtoto, natembea nimepanua miguu kwa kidonda. Nililia usiku kucha, nataka mama yangu. Nikaambiwa mama yako ni huyu. Basi nikampenda. Nilimlisha, nilimwogesha, alikufa kichwa chake kiko hapa." Akaonyesha paja. "Sasa mkisimama pale juu ya shimo mkaita jina langu na la mama yangu, mnamwita nani? Aliyelala au aliyesimama?"

"Aliyelala, babu. Mungu anajua."

"Mungu anajua. Kaburi halijui. Kaburi linafuata jina."

"Sasa aitwe nani?"

"Aitwe mja wa Mungu. Au lile jina lake la utotoni, kabla ya jando."

Hapo nilikasirika. Huku kwetu kumwita mwanamume jina la kabla ya jando ni matusi, watu wameshikana mapanga kwa hilo. Mtu aliyepigana Uhabeshi na Burma azikwe kama mtoto asiyetahiriwa! Nilisema maneno ambayo nayarudia hapa kwa sababu nilishayasema na hayazoleki. "Babu, umekaa na kitu cha mtu miaka yote hii. Leo, siku moja tu, umeshindwa kumwazima?"

Wanawake walishika midomo. Mzee hakukasirika. Alinitazama kwa macho mekundu ya uzee, akasema polepole, "Roho haiazimwi, mjukuu." Kisha akamwomba mtu amwinue akatawadhe.

Ningenyamaza hapo. Wazee walikuwa wamesema, na mimi nilikuwa nimejibiwa. Lakini nilikuwa nimemwahidi maiti, na niliona woga wa yule mzee ni ujinga wa zamani tu. Mjini kwetu majina yanafanana, ukiita Hamisi sokoni wanageuka kumi na hakuna anayekufa. Nilimfuata sheikh nyuma ya nyumba, alikokuwa anapunga upepo chini ya mikorosho, nikampa jina la babu na la mama yake. Nikamwambia ndio wosia wake.

"Wazee wamekubali?" akaniuliza.

"Wamekubali."

Nilisema hivyo. Hakunilazimisha mtu.

Wanaume walibeba jeneza wakaenda. Sisi wanawake tulibaki. Nilikaa na wenzangu tunachambua mchele, na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa, hata nikaona raha kidogo. Nilimwona babu anaitwa na mama yake anageuka. Namwambia msomaji ukweli: katika saa ile nilijiona mjukuu bora kuliko wote duniani.

Waliporudi nilijua kuna jambo. Watu wakitoka kuzika huongea, hata kama ni habari ya mvua au bei ya korosho. Hawa walikuja kimya, mmoja mmoja, wakanawa miguu na kukaa mbalimbali. Nikamvuta kaka yangu pembeni.

Alinieleza hivi. Walifukia, wakamwagia maji kaburi, sheikh akachuchumaa upande wa kichwa. Mzee alikuwa amesimama upande wa miguu, ameegemea mpini wa jembe. Sheikh akaita kwa sauti, kwa Kiswahili, ili watu wapate mafundisho. Alipotaja jina mara ya kwanza watu walitazamana. Alipotaja mara ya pili mmoja wa wazee alinyoosha mkono kumzuia, lakini sheikh alikuwa amefumba macho. Yule mzee mwenyewe, kwa uziwi wake, alikuwa hajashika kitu. Aliona watu wanamtazama tu, akajua kuna anachoambiwa, akasogea karibu na kuinamisha sikio. Sheikh akaita mara ya tatu, jina na mama.

"Akaitika," kaka akasema.

"Nani?"

"Mzee. Alisema naam."

Alisema kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri anavyosema akiitwa. Kisha akaelewa. Kaka yangu alisema mzee hakupiga kelele wala hakumlaumu mtu. Aliliachia jembe likaanguka, akakaa chini pale pale penye udongo mbichi, na ikabidi wamwinue wanaume wawili. Njia nzima ya kurudi alikuwa anauliza, "Nimeitika kwa sauti? Mmesikia?" Wakawa wanamwambia hapana, babu, hukuitika.

Sheikh alinifuata akanipa mkono wa kuaga bila kunitazama. Tangu siku hiyo kanzu zake anashonesha kwingine.

Tulirudi Nachingwea. Nikafungua kibaraza, nikashona. Habari zilikuwa zinanifikia kwa simu ya kaka, maana mimi nilikuwa sina uso wa kupiga. Mzee amelala. Mzee hali chakula. Mzee anataka mkeka wake uhamishiwe nje kwa sababu ndani anasikia anaitwa. Walimpeleka zahanati kwa bodaboda, wamemfunga kwa kanga mgongoni mwa dereva ili asianguke, mganga akasema presha, pamoja na umri. Presha hiyo nimeing'ang'ania sana. Usiku na mchana najiambia mtu wa miaka themanini na zaidi ana presha, ana figo, ana moyo uliochoka, hafi kwa kuitika. Siku nyingine naamini.

Arobaini ya babu haikufika. Mzee alikufa, akazikwa upande wa pili wa yule mama, na mimi sikwenda kumzika. Nilimwambia kaka nina sare za shule za kumaliza. Zilikuwa zimekwisha tangu juzi yake. Nilikwenda siku ya kuvunja matanga, kwa sababu kutokwenda kabisa kungekuwa kukiri, na kwa sababu nilitaka kumwomba radhi mtu, sikujua nani.

Nilikuta watu wengi wamezunguka uwanja. Katikati palikuwa na mkeka mpya wa kukalishwa mrithi, na bakuli la unga pembeni. Ilikuwa zamu ya kurithisha jina. Mkubwa wa wapwa akaitwa, akasema yeye ana ugonjwa wa kifua, wamtafute mwingine. Wa pili akasema anafanya kazi machimboni, hakai nyumbani, jina litateseka. Wa tatu alikuwa kijana wa chuo, amevaa jinzi, alicheka kidogo akasema mambo haya siku hizi hayapo. Lakini nilimwona alivyorudi nyuma hatua mbili, kisha mbili tena, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Wazee wakatazamana. Mmoja akajaribu kusema kwamba jina lililobebwa na watu wawili wakati mmoja limechoka, libaki lipumzike, lakini akaketi kabla hajamaliza.

Binti wa mzee, mwanamke wa makamo, alikuwa amekaa na wafiwa. Alinyanyuka. Nilijiweka nyuma ya wanawake wengine, lakini alikuwa ameniona tangu nilipoingia.

"Dada yetu wa Nachingwea yuko hapa," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayekaribisha mtu chakula. "Jina hili yeye ndiye anayelijua sana kuliko sisi. Mpisheni asogee. Aliite, tuone nani ataitika."

Wanawake waliokuwa mbele yangu walinipisha. Hakuna aliyecheka wala kunitukana. Nilisimama pale mikono imeshika kanga, uwanja mzima unanitazama, na mkeka ulikaa mtupu mpaka walipoukunja.